Vipande Kumi na Vitatu

Mkeka ule niliushona mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia siku tano na mara ya pili mchana mmoja, na mtu akiniuliza ni kazi ipi iliyonichosha, nitamwambia ni ile ya mchana mmoja. Ya kwanza niliifanya nikijiona fundi. Ya pili niliifanya nikijiona mjinga, na mimi ujinga siuvumilii, wa kwangu wala wa mwingine.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule hapa Bagamoyo, miaka ya mwanzo baada ya ile vita kubwa ya pili. Kwao ni Vigwaza, Mkwere wa watu, amekulia kwenye mihogo. Mimi ni mtoto wa mjini, na tangu siku aliyonioa sikuacha kumkumbusha jambo hilo. Naye hakuacha kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyesoma. Tulikuwa tukiishi nyumbani kwetu mimi, nyumba ya marehemu baba, kwa sababu mama yangu alikuwa amepofuka macho yote mawili na hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama.

Mama alikuwa na mtoto mwingine, kaka yangu mkubwa, aliyechukuliwa uaskari wakati wa vita akapelekwa Bama, huko Asia. Wenzake aliokwenda nao walirudi, wawili watatu, na makoti yao mazito. Yeye hakurudi. Hatukupata barua ya kifo wala ya uzima. Wakati wa kula mama alikuwa akikaa kwenye mkeka, anapapasa upande wake wa kulia, na pale hataki pakaliwe na mtu. Mimi nilikuwa na tabia ya kusogea nikapajaza, maana sipendi kuona watu watatu wamekaa upande mmoja wa sinia kama wamekosana na mtu wa upande wa pili. Mama akinisikia tu nimesogea, ananigonga goti. "Unaziba nini? Rudi kwako." Narudi, lakini nanuna. Niliona ni mambo ya uzee.

Sasa, mwaka wa mkeka huo mwalimu alipelekwa Dar es Salaam likizo nzima kusomea ufundishaji wa sayansi. Alirudi amebadilika. Mtu aliyekuwa akizungumza habari za mvua na bei ya nazi, sasa kila akifungua kinywa ni elementi. Chumvi ikiwa mezani, atakwambia imeundwa na elementi mbili, moja ukiitia majini inakimbia huku na huku juu ya maji na kuwaka, na nyingine ni hewa ya kijani inayoua. Nikamwambia basi leo tule mchuzi usiotiwa chumvi, tusalimike. Hakucheka. Alisema vitu vyote duniani, mawe, damu, bahari, bangili zangu, vyote vimeundwa na elementi zisizofika hata mia, na kwamba kuna watu wamezipanga zote kwenye jedwali moja, na kwamba yeye ameliona jedwali hilo ukutani huko Dar, akalinakili mstari kwa mstari.

Alikuwa amelinakili kwenye karatasi mbili kubwa, akazigandisha katikati kwa uji wa muhogo. Aliitundika darasani kwake. Wiki haikuisha, mende walikuwa wameshakula uji, na mchwa wakapanda ukutani wakaanza na karatasi yenyewe. Akaja nayo nyumbani imekunjwa kama karatasi ya ugoro.

Haya yote yangekuwa mambo yake na mende wake, kama isingekuja habari ya mkaguzi. Ofisi ya elimu ilikuwa inatafuta mwalimu wa kupeleka Miono, kwenye shule ndogo iliyokuwa imebaki bila mtu. Mwalimu mkuu alimwita mume wangu akamwambia wazi: mkaguzi anakuja Jumatatu ya wiki ya pili, atakaa darasani kwako, na akiona sayansi unayofundisha ni ya maana, utabaki, akiona ni maneno matupu, Miono ni yako.

Miono si mwisho wa dunia. Nina ndugu wameolewa huko, wanalima, wanakula, wanashiba. Lakini masika ikiingia barabara inakatika, na mama alikuwa ameshasema tangu zamani kwamba yeye hatoki kwenye nyumba ile. Nilipomweleza habari ya mkaguzi alisema neno moja tu. "Nikitoka hapa, akija kaka yako atabisha hodi kwa nani?" Niliogopa sana kusikia vile, kwa sababu nilijua mume akihamishwa mke hufuata.

Basi mimi ndiye niliyesema habari ya mkeka. Karatasi inaliwa, nikamwambia, nguo inafifia, ubao huna wa kutosha. Mkeka wa ukindu ukishonwa vizuri hauliwi na mende, unakunjwa, unabebwa, unatundikwa. Nitakusukia mkeka mpana, na elementi zako uziandike kwenye vipande vya kitambaa cha marikani, nami nitavishona juu yake kimoja kimoja. Alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe." Ndiyo sifa kubwa kuliko zote niliyowahi kuipata kwake.

Ukindu nilikuwa nao, umeshaanikwa. Nikasuka ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, nikauunganisha kwa shazia, sindano yetu ile kubwa, mpaka nikapata mkeka mpana kuliko urefu wake. Mwalimu akakata marikani vipande vya vidole vinne kwa vinne. Kisha akaniletea orodha ya rangi. Vipande hivi uvitie nyekundu, hivi kijani, hivi manjano, hivi zambarau, na hivi vichache viache vyeupe. Nikamuuliza kwa nini hivyo vyeupe vinadhulumiwa. Akasema hivyo ni elementi zisizojichanganya na nyingine, hazitaki udugu wala ugomvi, zimejitosheleza. Nikasema, "Matajiri." Akasema naam, kwa namna fulani.

Rangi nilizichemsha uani kwenye sufuria ileile ninayochemshia ukindu. Vipande vilipokauka, mwalimu akaandika juu yake kwa wino mweusi, kila kimoja herufi zake na namba yake. Herufi za Kizungu mimi nilizisoma kwa kubahatisha, maana nilisomea chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu. Lakini namba nilizijua vizuri kama mwenye duka. Akanionyesha: moja inaanza juu kushoto, na unakwenda kulia, mbili, tatu, nne, mpaka mwisho. Mpangilio wa safu uufuate kwenye karatasi hii. Safu mbili za chini kabisa ziko peke yake, kama wageni waliotandikiwa nje. Umeelewa? Nikamwambia nimeelewa. Angekaa na mimi siku ile saa moja tu, yasingetokea yaliyotokea, lakini saa hiyohiyo aliletewa habari kwamba mjomba wake amefariki Vigwaza, na mjomba ndiye aliyemlea. Akaondoka na lori la mkaa. Alisema atarudi Jumapili, siku moja kabla ya mkaguzi.

Nikabaki na mkeka, vipande, na ile karatasi iliyoliwa.

Karatasi ilikuwa na matundu ya mchwa, lakini mengi ya maandishi yalisomeka. Kilichonisumbua kilikuwa kingine. Safu ya kwanza, juu kabisa, kulikuwa na namba moja kushoto, kisha patupu, patupu, patupu, mpaka mwisho wa kulia kabisa, ndipo ikakaa namba mbili peke yake. Safu ya pili ilianza vizuri, tatu, nne, kisha tena pakawa patupu, halafu tano ikaanzia mbali upande wa kulia. Safu ya tatu vivyo hivyo, kumi na moja, kumi na mbili, patupu, kisha kumi na tatu. Kuanzia safu ya nne ndipo vikajaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Na pale patupu ndipo hasa palipopita ule muungano wa karatasi mbili. Nikasema, aa, nimekukamata. Hakutaka kuandika juu ya uji uliokuwa bado mbichi, akaruka. Mume wangu nilimjua. Mstari ulionyooka hakuwahi kuuchora hata kwa rula.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nalisema waziwazi kwa sababu ndilo lililonipotosha zaidi. Mimi nilikulia kwenye safu. Ramadhani wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tukisali tarawehe katika ukumbi wa bibi mmoja, na yule bibi kabla ya takbira alikuwa akipita nyuma yetu akitusukuma mabega: sogea, ziba, bega kwa bega, msimwachie Shetani mlango. Safu ikiwa fupi si kitu. Waliokuja ndio hao. Lakini tundu katikati ya safu ni aibu. Jambo hilo lilikuwa limeniingia mwilini kabla sijajua hata maana ya sura ninazozisoma. Na kwenye mkeka ndiyo kabisa. Fundi wa mikeka aache tundu katikati ya kazi yake, halafu aseme ni mpangilio?

Nikasogeza. Mbili nikaiweka ubavuni mwa moja. Tano nikaibandika karibu na nne, sita, saba, mpaka kumi. Kumi na tatu karibu na kumi na mbili, mpaka kumi na nane. Pengo lote likaenda mwisho upande wa kulia, safu tatu za juu zikawa fupi na zenye adabu, na chini yake zile ndefu.

Mama alikuwa ameketi karibu nami akichambua mchele kwa vidole. Nikamweleza, kwa kujisifu kidogo, jinsi nilivyomrekebishia mkwewe matundu.

"Umemwuliza?" akasema.

"Yuko Vigwaza, nitamwuliza vipi?"

"Basi ngoja aje. Huenda pana mwenyewe."

"Mama, hizi ni elementi. Si watu."

Akaendelea na mchele wake. Mimi nikaendelea na sindano.

Kuna kitu nilikiona, na hiki ndicho nisichojisamehe. Vile vipande vyeupe, matajiri wasiojichanganya, kwenye safu ndefu vilikaa vyote mwisho wa kulia, kimoja chini ya kingine. Lakini kwenye safu zangu fupi vyeupe viliangukia katikati ya mkeka, na chini yake kikaja kipande cha manjano cha chuma. Vya kijani vilevile: huku juu viko katikati, huku chini viko ukingoni. Niliona kabisa kwamba rangi hazilingani. Nikasema mwalimu amekosea orodha. Mtu ninayesuka ukili tangu nina miaka saba, ninayejua kwamba ukianza na jani jekundu, baada ya hesabu fulani ya majani lazima jekundu lirudi palepale, na lisiporudi umeruka mahali, nikaona rangi zimeruka nikasema kosa ni la mwingine.

Jumapili baada ya adhuhuri mwalimu akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, mama. Ni kazi ya Mungu."

Akanawa uso. Mimi nikautandaza mkeka ukumbini, nikasimama pembeni nikingoja kusifiwa.

Alichutama, akaweka kidole kwenye namba mbili, akakishusha polepole, akasimama. Kisha akavua kofia yake akaitupa chini, na mume wangu si mtu wa kutupa vitu.

"Nani amekwambia uzibe?"

"Nani amekwambia uache matundu?"

"Yale si matundu!"

"Ni nini basi? Kanzu ikiwa na tundu mnaliitaje kwenu Vigwaza?"

"Mkaguzi anakuja kesho asubuhi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ataangalia mara moja tu. Ataona mtu ambaye hajui anachokifundisha."

Hapo hasira yangu ikaniishia na woga ukachukua nafasi yake. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikamwambia mume wangu, kwa adabu ambayo hakuizoea, "Mwalimu, nifundishe. Lakini nifundishe upesi."

Akaketi upande wa pili. Akaanza na namba. Kila elementi, alisema, imeundwa na chembe ndogo, na katika kiini cha chembe kuna hesabu yake: moja ina moja, mbili ina mbili, hivyo hivyo bila kuruka. Kwa hiyo ukizipanga kwa namba ni kama uzi mmoja mrefu. Lakini ukiufuata uzi huo, tabia zinarudi. Namba tatu ni metali laini inayochukia maji. Unapita kadhaa, tabia mbalimbali, mmoja mkali, mmoja hewa, mmoja tajiri mweupe, halafu unafika kumi na moja, na hiyo tena ni metali laini inayochukia maji, kali zaidi. Unapita tena, unafika kumi na tisa, nayo ni vilevile, na hiyo ni kichaa kabisa, ukiitia majini inatoa moto wa zambarau. "Sasa," akasema, "ungekuwa wewe, uzi huo ungeukunja wapi?"

Niliona. Nakwambia niliona mpaka nywele zikanisimama. "Pale jekundu linaporudi," nikasema.

"Pale jekundu linaporudi. Kila linaporudi unaanza safu mpya, ili jekundu likae chini ya jekundu. Ukishuka wima, ni ukoo mmoja. Ukienda kulia, ni uzi wa namba."

Akanionyesha kwenye safu ndefu, ambazo sikuziharibu. Shaba, chini yake fedha, chini yake dhahabu. Nilikuwa nimevaa viwili katika hivyo mkononi, na kwa miaka yote nilijua kwamba sonara huvichanganya vinakubaliana, sikujua kwamba wana nyumba moja. Nikamwuliza makaa. Akachukua kidole changu akakiweka kwenye sita, pale nilipoibandika, akakishusha: kikaangukia kwenye metali ngumu isiyohusiana nayo kwa lolote. Kisha akakipeleka mbali kulia. "Hapa ndipo kwake. Bati yuko chini yake, na risasi chini ya bati. Wewe umemtoa mtu kwao ukampeleka kwa jirani."

"Na hawa wa manjano wa katikati?" nikauliza. "Mbona juu yao patupu?"

"Kwa sababu ukoo wao unaanzia safu ya nne. Hawana wakubwa. Ukiwaletea wakubwa wa watu wengine ukawaketisha juu yao, umesema uongo."

Basi nikahesabu. Moja ilikuwa sawa. Tatu, nne, kumi na moja, kumi na mbili zilikuwa sawa. Kuanzia kumi na tisa zote sawa. Vilivyokuwa vimekaa kwa watu vilikuwa mbili, kisha tano hadi kumi, kisha kumi na tatu hadi kumi na nane. Vipande kumi na vitatu. Kati ya karibu vipande mia, kosa langu lote lilikuwa kumi na vitatu, na hivyo vilitosha kutupeleka Miono.

Nikachukua wembe nikaanza kufumua. Mwalimu akashika ncha ya mkeka usicheze. Ili mikono yake isikae bure, na nadhani pia kunipoza, akawa anasimulia. Alisema mtu aliyepanga jedwali hili kwanza, Mrusi mmoja wa zamani, hakuwa na namba hizi, alikuwa na uzito tu, na elementi nyingi zilikuwa bado hazijulikani. Akipanga ukoo kwa ukoo, akafika mahali ambapo elementi inayofuata kwa uzito haifanani na waliomo kwenye ukoo ule. Wenzake wangeibandika hivyohivyo, ili pasiwe na nafasi.

"Kama mimi," nikasema.

"Kama wewe. Yeye akaisogeza mbele mpaka kwa ndugu zake, na pale akaacha wazi. Akasema hapa pana elementi, bado hamjaiona. Akaandika na tabia zake, uzito wake utakuwa kiasi gani, itakuwa laini au ngumu. Watu walimcheka."

Mama akageuza uso upande wa sauti ya mkwewe.

"Na hao aliowawekea nafasi, walikuja?"

Mwalimu akanitazama mimi kwanza. "Walikuja, mama. Mmoja miaka michache baadaye, wengine wakachelewa zaidi. Wakakaa palepale."

"Na mwenyewe alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Aliwaona."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Akarudisha mikono yake mapajani. Mimi niliinamia ufumuaji wangu, kwa sababu macho yalikuwa yameniuma na sikutaka mtu anione.

Kabla ya magharibi kipande cha kumi na tatu kilikuwa kimekaa ukingoni, cheupe chini ya cheupe. Pale nilipofumua palibaki ukindu mtupu wenye vitundu vidogo vya sindano. Niliupapasa ukanijia mkononi kama ngozi iliyopona kidonda.

Asubuhi nilivaa buibui nikaubeba mkeka mwenyewe mpaka shuleni, maana mwalimu hajui kufunga kamba. Nilipomaliza kuutundika nikatoka, nikasimama barazani chini ya dirisha. Mkaguzi alikuja, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kunyoosha, safi. Nilisikia darasa likisimama na kuketi. Nilimsikia mume wangu akifundisha, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Uzi unaokunjwa pale tabia inaporudi, alisema, kama ukili, na watoto wote wakaelewa, maana hakuna mtoto pale ambaye nyumbani kwao hakusukwi ukili.

Kisha mkaguzi akauliza. "Hapa katikati, juu, mbona mmeacha wazi?"

Mume wangu akasema, "Bwana, ukipaziba, kila mtu anakaa mahali pasipo pake."

Nikasikia viatu vya mkaguzi vikienda mpaka ukutani. Akauliza nani ameshona. Mwalimu akasema ni mke wangu. Mkaguzi akasema ni kazi nzuri sana, hajaona mfano wake katika shule zote alizozungukia, na akasema tena, nzuri sana. Mimi barazani nilikuwa nimeshaanza kutabasamu chini ya buibui.

"Nitakwambia ukweli, mwalimu," mkaguzi akasema. "Miono hakuna ramani, hakuna ubao wa maana, hakuna kitu. Nilikuwa sijui nani ataweza kufundisha pale. Sasa nimejua."

Yaani tungeuacha mkeka na makosa yake, angepelekwa Miono kwa ubovu. Tukausahihisha, akapelekwa Miono kwa uzuri. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, kicheko kibaya, watu wa sokoni wakinitazama. Nilipofika ukumbini nikalia, na nikamweleza mama kila kitu, kwa sababu hakukuwa na namna ya kumficha.

Mume wangu hakunilazimisha. Nalisema hili kwa heshima yake, maana wengi wangelazimisha, na ndugu zake wa Vigwaza walimsema sana. Alisema, "Wewe kaa na mama. Mimi nitakuja likizo." Alikunja mkeka wake, akauweka juu ya lori pamoja na sanduku, akaondoka siku ya Jumamosi. Nilimfungia wali na samaki wa kukaanga. Nilimtukana kidogo, ili asiondoke akidhani nitakuwa mpweke.

Jioni ile nilipakua chakula kama kawaida, na mazoea yakanifanya nipakue cha watu watatu. Nikatandika mkeka wa kulia, nikaliweka sinia katikati, nikamshika mama mkono nikamketisha mahali pake. Upande wake wa kulia palikuwa wazi, kama siku zote tangu vita. Upande wangu wa kushoto, alipokuwa akikaa mwalimu, napo palikuwa wazi. Tulikuwa wanawake wawili kwenye mkeka wa watu wanne. Nikashika ukingo wa sinia nilivute kwetu, tukae karibu, tule.

Mama alisikia likikwaruza.

"Unaziba?" akaniuliza.

"Hapana, mama," nikasema, na nikalirudisha sinia mahali pake.